Mlinganishe na Jana Yake

(Mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni)

NDUGU msikilizaji, leo nataka tumfikirie kijana mmoja wa miaka 19 wa huko Nyanungu, mkoani Mara, upande wa wilaya za Tarime na Serengeti. Simsemi mtu fulani. Kijana huyu nimemuunga kutokana na mambo yanayotokea katika nyumba nyingi, na nina hakika wengi wenu mtamtambua, iwe kwenu ni Tarime, Tandahimba au Temeke.

Kijana huyu hazungumzi sana. Tangu utotoni hakupenda kutazamana na watu usoni, hakucheza na wenzake, na akisikia filimbi na vifijo vya sherehe za tohara huziba masikio na kukimbia. Lakini ng'ombe anawajua. Kila ng'ombe wa zizi la baba yake anamjua kwa rangi na kwa jina, anamjua mama yake na mwaka aliozaliwa. Kila jioni husimama langoni akiwahesabu wanavyoingia, na akisema mmoja hayupo, basi hayupo. Watu wa nyumbani wamekwisha kumzoea. Husema, "Yeye ndivyo alivyo," na maisha yanaendelea.

Siku moja ng'ombe 12 wanatolewa zizini kwenda kulipa mahari ya kaka yake. Ni jambo la heri na nyumba nzima inafurahi, wala hakuna anayekumbuka kumweleza kijana huyu kinachotokea. Jioni anasimama langoni, anahesabu, kisha anahesabu tena. Kesho yake vivyo hivyo. Baada ya siku chache haji tena langoni. Anajikunyata nyuma ya nyumba tangu asubuhi hadi jioni. Chakula anakigusa na kukiacha. Usiku halali, anazunguka uani. Maneno machache aliyokuwa nayo yanazidi kupungua. Mdogo wake akimsogelea anampiga, na wakati mwingine anakigonga kichwa chake ukutani.

Je, watu wa nyumbani wanasema nini? Mama anasema hali yake imezidi. Baba anashuku kwamba kuna mkono wa mtu. Mjomba aliyeko Mwanza anapiga simu na kusema, "Mleteni huku mjini, atachangamka." Hakuna hata mmoja anayesema neno lililo rahisi kuliko yote, kwamba kijana huyu amefiwa na kitu alichokipenda, na kwamba huzuni yake sasa imegeuka kuwa ugonjwa.

Ndugu msikilizaji, hapa tuna mambo mawili, na tusipoyatenganisha tutapotea njia. La kwanza ni usonji. La pili ni sonona.

Usonji ni hali anayokuwa nayo mtu tangu utotoni, ambapo ubongo wake hukua na kufanya kazi kwa namna iliyo tofauti na ya wengi. Mwenye usonji hupata taabu katika mazungumzo na mahusiano na watu, hupenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule kila siku, aghalabu huwa na jambo moja au mawili anayoyapenda mno, na kelele, mwanga, harufu au mguso mdogo huweza kumuumiza. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza hali hiyo mwaka 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa makadirio hayo, mahali penye watu 1,000 pangeweza kuwa na 7 au 8. Wapo wasiosema kabisa, na wapo wenye shahada wanaokaa ofisini. Usonji hauambukizi, si laana, wala si matokeo ya mama kumlea mwanawe vibaya.

Sonona ni jambo jingine. Sonona ni ugonjwa unaoweza kumpata mtu yeyote, mwenye usonji na asiye na usonji. Mtu hukaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, akiwa na huzuni au akiwa hana hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda. Usingizi huharibika, chakula hakipiti au hupita kupita kiasi, nguvu humwishia, akili haitulii mahali pamoja, hujiona hana maana, na pengine huanza kufikiria kufa. Huo si uvivu wala deko. Na kheri yake ni kwamba, tofauti na usonji ambao mtu huishi nao maisha yake yote, sonona huja na inaweza kuondoka. Ina matibabu.

Sasa, kwa nini nayaweka mambo haya mawili pamoja? Ni kwa sababu yanakutana mara nyingi kuliko tunavyodhani. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mwenye usonji ana uwezekano wa kupatwa na sonona katika maisha yake mara nne zaidi ya mtu mwingine. Sababu zake si ngumu kuzielewa. Fikiria mtu anayechekwa tangu darasa la kwanza, anayetaka rafiki lakini hajui aanzie wapi, ambaye kelele za sokoni humchosha kama mtu aliyelima siku nzima, na ambaye kila badiliko dogo nyumbani ni tetemeko. Mtu huyo anabeba mzigo ambao wewe na mimi hatuuoni. Ya kushangaza ingekuwa kama asingechoka.

Hata hivyo sonona yake haionekani, na hapo ndipo penye hatari.

Haionekani kwanza kwa sababu yeye mwenyewe aghalabu hawezi kuisema. Watafiti wameona kuwa karibu nusu ya watu wenye usonji hupata taabu kuzitambua na kuzitaja hisia zao wenyewe. Ukimuuliza, "Unajisikiaje?" anaweza kukujibu "sijui", na akawa amesema kweli tupu. Pili, uso wake hauongei kama nyuso za wengine. Anaweza kuwa amevunjika moyo na uso ukabaki vile vile, au akacheka wakati wa kulia. Tatu, na hili ndilo kubwa, sisi tunaomzunguka tumekwisha kumpa jibu kabla hatujamuuliza swali. Akikaa peke yake, tunasema ni usonji. Asipolala, ni usonji. Akijigonga, ni usonji. Tumeligeuza jina la hali yake kuwa kapu la kutupia kila kitu. Kosa hili si la watu wa kijijini pekee. Hata madaktari waliosoma hulifanya, na huko Ulaya na Marekani wamelijadili kwa miaka mingi.

Basi kanuni ninayotaka uondoke nayo leo ni moja tu. Usimlinganishe mwenye usonji na watoto wa jirani, wala na kaka yake. Mlinganishe na jana yake mwenyewe.

Kukaa peke yake si dalili kama siku zote alipenda kukaa peke yake. Ni dalili ikiwa zamani alikuja kuketi karibu na mama jikoni, na sasa haji. Kutozungumza si dalili kwa asiyezungumza. Ni dalili ikiwa alikuwa na maneno 20 na sasa yamebaki matano. Kupenda mno jambo moja si ugonjwa. Ishara kubwa ni pale anapoliacha jambo hilo. Yule kijana wetu wa Nyanungu, siku alipoacha kuhesabu ng'ombe, alikuwa amekwisha kusema yote. Aliyekuwa na masikio ya kumsikia ndiye aliyekosekana.

Kuna mambo mengine ya kutazama. Tazama usingizi wake na chakula chake. Tazama kama anaacha kuoga au kuvaa mwenyewe hali aliweza. Tazama kama hasira zimeongezeka, kama anajiuma, anajipiga au anavunja vitu kuliko awali. Kwa mtu asiye na maneno, sonona mara nyingi hutoka kwa njia ya mikono. Tazama kama analia bila sababu unayoiona, kama anataka mambo yaende kwa utaratibu mkali zaidi kuliko kawaida yake, au kama anarudia rudia maneno ya kifo. Mambo hayo yakidumu wiki mbili, usingoje ya tatu.

Njia iliyo rahisi ni daftari. Nunua daftari dogo la shule, na kila jioni andika mistari minne: amelala saa ngapi, amekula nini, amefanya lile alipendalo au la, na kama kuna tukio lolote lililompata siku hiyo. Mama asiyejua kusoma anaweza kumpa kazi hiyo mtoto aliye darasa la nne. Daftari hilo likifika mbele ya daktari litasema yale ambayo mgonjwa hawezi kuyasema, na litamsaidia daktari kuliko maelezo ya saa nzima.

Pengine wewe unayeisoma safu hii ndani ya daladala unajisemea kwamba mambo haya ni ya huko vijijini. La hasha. Hapa mjini wapo watu wenye usonji ambao hawajaambiwa na daktari yeyote kwamba wanao. Yupo karani ambaye mahesabu yake hayana kosa, lakini mchana hali chakula pamoja na wenzake. Yupo mwanafunzi wa chuo aliyejifunza kucheka wengine wanapocheka, na kukutazama usoni kwa kuhesabu kimoyomoyo mpaka tatu. Kutwa nzima anaigiza, na jioni akifika chumbani hana nguvu hata ya kuvua viatu. Watafiti wa Uingereza wamegundua kwamba kuigiza huko kunakwenda pamoja na mawazo ya kujiua. Katika utafiti mwingine wa nchi hiyo uliochapishwa mwaka 2014, watu wazima 374 waliokuwa wametoka kutambuliwa katika kliniki moja kuwa wana aina ya usonji waliulizwa kama wamewahi kufikiria kujiua. Theluthi mbili walijibu ndiyo. Ndugu msikilizaji, hao ni watu wanaozungumza vizuri, na wengine wana kazi zao. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Tuje sasa kwenye matibabu.

Jambo la kwanza ni kuutazama mwili. Mtu asiyeweza kusema "jino linauma" atapiga kelele, atakataa chakula, atajigonga shavuni. Kwa hiyo kabla ya kusema ni sonona, apimwe. Daktari atazame meno na masikio, aulize juu ya choo kigumu na maumivu ya tumbo, apime malaria na damu. Aulize pia juu ya kifafa, kwa maana kifafa huwapata zaidi watu wenye usonji. Kama kuna dawa nyingine anazotumia, zitajwe zote, zikiwemo za mitishamba.

Jambo la pili ni kukitafuta kilichobadilika. Je, kuna mtu aliyekufa, aliyeolewa au aliyehama? Je, shule imefungwa, njia imebadilishwa, au jirani amefungua baa yenye spika kubwa? Je, anapigwa au anachezewa vibaya mahali? Swali hili la mwisho tusilikwepe, kwa sababu asiyeweza kusema ndiye anayeonewa kwa urahisi. Ukikipata chanzo, kiondoe kama kinaondoka. Kama hakiondoki, basi kieleze, tena kwa vitu vinavyoonekana. Watu wengi wenye usonji huelewa kwa macho kuliko kwa masikio.

Hapa nina kisa cha kweli. Mtoto wa kwanza katika wale 11 wa Daktari Kanner aliitwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Mwaka 1937, akiwa hajatimiza miaka minne, wazazi wake walishauriwa kumpeleka katika nyumba ya kulelea watoto, mbali na nyumbani. Huko alinyamaza, akakaa tu bila kujishughulisha na chochote. Baada ya mwaka mmoja hivi wazazi wakamrudisha. Baadaye aliwekwa kwa mume na mke waliokuwa wakulima. Hao hawakumkataza tabia zake, bali walizipa kazi. Maadamu alipenda kuhesabu, walimwacha ahesabu mistari ya mahindi huku akilima. Maadamu alipenda kupima vitu, walimpa kazi ya kuchimba kisima na kutaja kina chake. Donald alisoma mpaka chuo kikuu, akafanya kazi benki mjini kwao, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, na watu wa mji ule walimpokea kama mwenzao. Alifariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Usonji wake hakuuacha hata siku moja, na bado maisha yake hayakuwa ya huzuni.

Nyanungu nako kuna mahindi ya kuhesabu, na kuna ng'ombe.

Jambo la tatu ni tiba ya mazungumzo. Wengine husema tiba hiyo ni ya Wazungu, eti Mwafrika haugui sonona. Mwaka 2003 zilichapishwa habari za kazi iliyofanyika ng'ambo ya Ziwa Victoria, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, iliyohusisha vijiji 30. Watu wa kawaida, wasiokuwa madaktari, walifundishwa kwa wiki mbili, kisha wakaongoza vikundi vya watu wenye sonona vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 16. Mwishoni, katika vijiji vilivyokuwa na vikundi, waliobaki na sonona hawakufika 7 katika 100, ilhali katika vijiji visivyokuwa na vikundi walizidi nusu. Watu wale hawakuchaguliwa kwa kuwa na usonji, lakini walituonyesha kwamba sonona ya kijijini inatambulika na inatibika kijijini. Na nchini kwetu, Profesa Sylvia Kaaya na wenzake wa Muhimbili walitengeneza dodoso la kutambua sonona kwa kuzingatia namna Watanzania wenyewe wanavyoieleza dhiki yao.

Kwa mwenye usonji, tiba hiyo haina budi kurekebishwa. Mshauri aseme maneno ya moja kwa moja, aache mafumbo. Ukimwambia "moyo wako umekufa ganzi", anaweza kudhani moyo umesimama. Atumie picha, michoro na maandishi. Chumba kiwe na utulivu, muda uwe mfupi wenye mapumziko, na saa ya kuonana iwe ile ile kila mara. Mtu wa nyumbani anayemjua vizuri awepo, kama mwenyewe anakubali. Na mshauri aanzie kwenye jambo alipendalo mgonjwa. Kama ni ng'ombe, basi waanze na ng'ombe. Mtu mwenye sonona huacha shughuli zake, na kadiri anavyoziacha ndivyo sonona inavyomzidia. Kwa hiyo hurudishiwa shughuli moja ndogo kwa siku, iliyopangwa na iliyochorwa ukutani, halafu ya pili, halafu ya tatu. Hiyo nayo ni tiba kamili, wala haihitaji jengo la ghorofa.

Jambo la nne ni dawa. Dawa za sonona zipo, kama vile fluoksetini na amitriptilini. Dawa hizo hazitibu usonji, na anayekuuzia kidonge cha kuondoa usonji anakudanganya. Zinachotibu ni sonona, hasa inapokuwa kali. Lakini kuna masharti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauruhusu sonona ya mtoto wa chini ya miaka 12 kutibiwa kwa dawa hizi, na kwa vijana wa kuanzia miaka 12 unakubali fluoksetini tu, tena kwa ushauri wa mtaalamu. Baadhi ya watu wenye usonji husumbuliwa na dawa upesi zaidi, kwa hiyo daktari huanza na kipimo kidogo na kukipandisha polepole. Dawa hazifanyi kazi siku ile ile. Huchukua wiki kadhaa, na mtu akipona huendelea nazo miezi 9 mpaka 12 ili ugonjwa usirudi. Wiki za mwanzo mgonjwa aangaliwe kwa karibu, hasa akiwa kijana, kwa sababu mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka. Asiziache ghafla, na asipewe vidonge vya shangazi eti kwa kuwa vilimfaa shangazi.

Na jambo la tano ni usalama. Kama una hofu kwamba mwenzako anafikiria kujiua, muulize waziwazi, kwa maneno rahisi: "Je, unafikiria kufa? Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali humfungulia mlango. Dawa za kuogeshea mifugo, dawa za wadudu wa mazao, na vidonge vyote vya nyumbani vifungiwe, ufunguo akae nao mtu mzima. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwa mtoto aliye hatarini au anayeonewa, ipo simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo haina malipo.

Najua mtauliza, huyo mtaalamu wa Nyanungu yuko wapi? Ni swali la haki. Wataalamu wa magonjwa ya akili ni wachache nchini, na wanaoujua usonji ni wachache zaidi. Lakini njia ipo. Mwanzo wake ni zahanati au kituo cha afya, ambako tabibu anaweza kuupima mwili na kuandika barua. Kutoka hapo ni hospitali ya mjini Tarime, kisha ni kuvuka daraja la Kirumi kwenda Musoma, na ikilazimu ni kwenda Bugando, Mwanza. Safari hiyo ina nauli, ina siku za kulala njiani, na kwa mtu anayeumizwa na kelele, basi lililojaa ni mateso. Hapo ndipo ndugu walioko mjini wanapohitajika. Mjomba anayetaka kijana aletwe Mwanza ili "achangamke" angefaa zaidi kama angetuma nauli, akaulizia siku ya kliniki, akampokea mgonjwa stendi alfajiri kabla msongamano haujaanza, kisha akamrudisha nyumbani kwao. Kumng'oa kijana kutoka kwenye zizi analolijua na kumweka katika chumba cha kupanga karibu na stendi ni kumuongezea ugonjwa.

Na wale wanaokimbilia kusema amerogwa, sitawatukana. Utafiti uliofanyika Pwani ya Kenya, ukachapishwa mwaka 2015, ulikuta wazazi wakitaja pepo, uchawi na laana kuwa chanzo cha usonji, pamoja na sababu za kitabibu kama maradhi na matatizo wakati wa kujifungua. Mzazi anayeteseka hutafuta jibu popote. Ombeni kama mnavyoomba. Lakini kumfunga kamba mtu mwenye usonji, kumficha chumba cha uani au kumchapa ili "pepo limtoke" ni kumuumiza mgonjwa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamlinda mtu huyu kama raia mwingine yeyote. Na mficha maradhi, kilio humuumbua.

Turudi langoni pa zizi, ndugu msikilizaji. Je, kijana wetu angeweza kusaidiwaje tangu mwanzo?

Siku tatu kabla ya mahari kutoka, baba angeokota mawe, moja kwa kila ng'ombe. Angekaa naye chini, akayapanga, kisha akatenga mawe 12 na kumwambia: "Hawa wanakwenda kwa wakwe wa kaka yako. Wanakwenda Jumamosi. Hawarudi. Hawa wengine wanabaki na wewe." Angemruhusu akawaone wale 12 kwa macho yake kabla hawajaondoka. Pengine angemkabidhi ndama mmoja, akamwambia huyu ni wako, hesabu inaanza upya. Kazi hiyo ingechukua nusu saa.

Je, kwa kuwa haikufanyika, basi yamekwisha? Hayajaisha. Mawe yapo hata leo. Apimwe mwili, aelezwe kwa macho, arudishiwe kazi yake kidogo kidogo, na kama sonona ni kali, apate dawa kwa mkono wa daktari. Halafu mama asimame langoni jioni akiwa na daftari lake. Siku kijana atakaporudi pale na kuanza kuhesabu, hata kama atahesabu watatu tu na kuondoka, mama aandike siku hiyo kwa wino mzito. Jirani hataona jambo lolote pale. Mama ataona, kwa sababu anamlinganisha na jana yake.

Ndugu msikilizaji, kama nyumbani kwako au kwenu kijijini yuko mtu wa namna hii, usimalize wiki bila kujiuliza: lile alilokuwa akilipenda, bado analifanya? Nakutakia wiki njema. Mpaka Jumapili ijayo, kwaheri.